Nyumba za herufi za Kigiriki: nani alipita, nani aliachwa mlangoni

Salamu ndugu zangu wa kundi, na ninyi wafanyakazi wa mashirika ambao najua mnatusoma kimyakimya bila hata kubonyeza alama ya kupenda. Zamu ya insha ya historia imenifikia. Nilikuwa nimejiandaa kuandika habari za meli za Ziwa Kivu, nimeshauliza hata wazee, lakini simu moja ikanivuruga.

Simu yenyewe ilitoka Marekani. Ni mtoto wa mama mdogo, wengi mnamkumbuka, tulikua naye hapa Kiziba tukisukumana kwenye bomba moja la maji. Familia yao ilipata safari, sasa yuko chuo kikuu. Alipiga saa nane usiku ya huku, kule bado jioni. Nikafikiri ni msiba. Akaniambia, "Kaka, leo tumepiga kura juu ya kijana mmoja, na mimi nimenyamaza."

Kura gani tena? Basi akaanza kunieleza. Mwaka jana aliingia kwenye kitu kinaitwa fratenati, kundi la wavulana wa chuo wanaokaa nyumba moja na kuitana ndugu. Kila mwaka wanachagua wageni wa kuingia. Jioni ile walifika kwenye jina la kijana mmoja ambaye wote walimpenda: mcheshi, darasani yuko vizuri, mpira anajua. Kisha mmoja akasema, "Lakini huyu si mnajua yukoje." Watu wakacheka. Hakuna aliyeuliza yukoje, maana wote walielewa: wanadhani anapenda wanaume. Wakapiga kura, kijana hakupita.

"Na wewe?" nikamuuliza.

"Mimi nilitazama simu yangu. Kaka, humo ndani mwafrika ni mimi peke yangu. Kingereza changu bado wanakiiga. Nikisema neno, watanigeukia mimi."

Nilikosa la kumjibu. Ukweli ni kwamba hata hiyo fratenati sikuijua, niliwahi kuiona tu kwenye sinema, vijana wanakunywa na kuruka kwenye bwawa. Kwa hiyo nimekaa wiki tatu nikisoma, bando imekwisha mara mbili, na hiki ndicho nilichokikuta. Kabla sijaendelea, neno moja kuhusu maneno. Kiswahili chetu cha kambini kina majina mengi ya watu hawa, na karibu yote ni matusi. Hapa nitasema wapenzi wa jinsia moja. Ni refu, lakini halimtukani mtu.

Tuanze mwanzo. Tarehe 5 Desemba 1776, miezi mitano tu baada ya Wamarekani kutangaza uhuru wao, wanafunzi wachache wa chuo cha William & Mary huko Virginia walianzisha kundi la siri la mijadala, wakaliita Phi Beta Kappa. Herufi za Kigiriki, namna yao ya kushikana mkono, kiapo, vyote vilianzia pale. Mwaka 1825 kwenye chuo cha Union, jimbo la New York, likazaliwa Kappa Alpha Society, na hapo ndipo mtindo ulipoanza kusambaa. Vyuo vya wakati ule viliongozwa zaidi na wachungaji, asubuhi sala, mchana kukariri Kilatini. Vijana waliokuwa mbali na kwao walitaka mahali pao wenyewe. Neno lenyewe limetoka kwenye Kilatini cha kaka, na la wasichana, sororiti, kwenye Kilatini cha dada. Ni udugu wa kuchagua. Sisi ambao vita ilitutenganisha na ndugu wa damu, hilo tunalielewa haraka. Hapa kambini nani hana "kaka" ambaye hawana hata babu mmoja?

Wasichana walianza mwaka 1867 kwenye chuo cha Monmouth, Illinois, na kundi ambalo leo linaitwa Pi Beta Phi. Mwaka 1870 likafuata Kappa Alpha Theta huko Indiana. Wasichana chuoni wakati ule walikuwa wa kuhesabu, na walimu wengine hawakuwataka. Kwao kukaa pamoja ilikuwa ngao.

Sasa namna ya kuingia, maana shida yote iko hapo. Mwanzo wa mwaka wa masomo, au Januari, kunakuwa na msimu wa kutafuta wanachama. Kwa wasichana ni kazi ya siku kadhaa: wageni wanazungushwa nyumba baada ya nyumba, wanapokelewa mlangoni kwa nyimbo na makofi, wanaongea na dada huyu dakika chache, na yule dakika chache. Usiku wenyeji wanakaa na majina, na wageni nao wanaandika nyumba wanazozitaka. Orodha zinalinganishwa. Siku ya mwisho unapewa bahasha, unafungua, unajua kwako ni wapi au huna kwako. Kwa wavulana mambo ni ya kienyeji zaidi: nyama choma, mpira, maongezi, halafu kikao na kura. Zamani lilizungushwa sanduku na gololi nyeupe na nyeusi. Sehemu nyingi gololi moja nyeusi ilitosha kumkata mtu, na aliyeiweka hakujulikana wala hakutakiwa kutoa sababu.

Hapo niliweka kalamu chini kidogo. Mahakama inaandika sababu. Hata ofisi zinazosikiliza kesi zetu za ukimbizi, wakikukataa, wanatakiwa kukupa karatasi yenye sababu na nafasi ya kukata rufaa. Gololi haina rufaa.

Wa kwanza kuonja gololi nyeusi si wapenzi wa jinsia moja. Ni Wayahudi, Wakatoliki sehemu nyingine, na watu weusi. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 fratenati nyingi ziliandika waziwazi kwenye katiba zao kwamba mwanachama awe mzungu, nyingine zikaongeza awe Mkristo. Waliokataliwa wakajenga kwao. Zeta Beta Tau ya vijana wa Kiyahudi ilianza 1898. Alpha Phi Alpha, ya wanafunzi saba weusi wa Chuo Kikuu cha Cornell, ilianza 1906. Alpha Kappa Alpha ya wasichana weusi ilianza 1908 pale Howard, Washington. Ndiyo, hiyohiyo ya Kamala Harris. Wale "dada" zake waliovaa waridi na kijani kwenye mikutano ya kampeni walitoka huko.

Mwaka 1948 kikatokea kisa ambacho nimekirudia kukisoma. Tawi la Phi Kappa Psi la chuo cha Amherst, Massachusetts, lilimpa nafasi mwanafunzi mweusi anayeitwa Thomas Gibbs. Makao makuu yakawaambia waache. Wakakataa. Tawi likasimamishwa, nao wakaendelea kama nyumba inayojitegemea, na Gibbs ndani yake. Hakuna sheria iliyowalazimisha vijana wale. Mwaka 1965, Stanford kule California, tawi la Sigma Chi nalo lilimchukua mwanafunzi mweusi, nalo likasimamishwa na wakubwa wake, na ugomvi ule ukafika magazetini hadi serikalini.

Polepole vile vipengele vya rangi vikafutwa. Kwenye karatasi. Maana mwaka 2013 gazeti la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Alabama lilifichua kwamba sororiti za wazungu zilikuwa bado zinawakata wasichana weusi, na kwamba mara nyingine wanachama wenyewe walikuwa wanawataka, ila wakubwa waliomaliza chuo zamani ndio waliozuia. 2013, ndugu zangu. Wengi wetu tulishazaliwa. Karatasi inabadilika kwanza, chumba cha kura kinabadilika mwisho.

Kwa wapenzi wa jinsia moja karatasi haikusema kitu kabisa. Nilitafuta kipengele kama kile cha rangi, nikakosa, kisha nikajiona mjinga. Cha nini kuandika? Ilichukuliwa kwamba hakuna mtu wa namna hiyo, na akiwepo hatasema. Na kulikuwa na sababu ya kutosema. Mwaka 1920 mwanafunzi wa Harvard alijiua nyumbani kwao. Kaka yake akakuta barua zinazoonyesha kwamba marehemu alikuwa na wapenzi wa kiume na marafiki wa mduara huo, akazipeleka kwa viongozi wa chuo. Viongozi wakaunda mahakama ya siri. Waliwaita vijana mmoja mmoja, wakawahoji juu yao na juu ya marafiki zao: nani alilala wapi, nani alikuja kwenye chumba cha nani. Kadhaa wakafukuzwa chuo na kuamriwa waondoke mjini. Makaratasi yakafungiwa, yakakaa miaka zaidi ya 80, mpaka mwaka 2002 gazeti la wanafunzi lilipoyafukua.

Ile haikuwa fratenati, najua. Naileta hapa kwa sababu inaonyesha bei. Ukijua kwamba rafiki yako anaweza kuitwa na kuulizwa juu yako, hata ndani ya nyumba ya "ndugu" unafunga mdomo. Na nyumba hizi zina dansi kila msimu, kila kaka anatakiwa kuja na msichana. Kwa hiyo unatafuta msichana wa kuja naye. Au unatunga mchumba anayekaa mji wa mbali, ambaye kila dansi inamkuta na mafua. Msicheke sana, hata hapa kambini wako wenye wachumba wa namna hiyo, kwa sababu zao.

Mwaka 1967 Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kilitambua rasmi chama cha wanafunzi wapenzi wa jinsia moja, cha kwanza nchini. Miaka miwili baadaye polisi walivamia baa ya Stonewall, New York hiyohiyo, watu wakakataa kutawanyika, na baada ya hapo vyama vikaota kila mahali. Vyuo vingine vikagoma, kesi zikaenda mahakamani. Mwaka 1974 mahakama ya rufaa iliamua kwamba Chuo Kikuu cha New Hampshire hakiwezi kukizuia chama kama hicho kufanya shughuli zake za kijamii, dansi ikiwemo.

Lakini fratenati si chama cha chuo, ni nyumba ya watu binafsi. Mwaka 1972 Marekani ilipitisha sheria ya kukataza ubaguzi wa kijinsia kwenye elimu, na mwaka 1974 bunge likaziondoa fratenati na sororiti kwenye sheria hiyo upande wa uanachama, ili zibaki za wavulana tupu na wasichana tupu. Mantiki yake naielewa. Ila ujumbe uliofika ni kwamba ndani ya mlango ule wenyeji ndio wanaoamua nani ndugu yao, na serikali inabaki nje.

Basi wakafanya walichofanya Wayahudi na watu weusi: wakajenga kwao. Mwaka 1986, Washington, ikaanzishwa Delta Lambda Phi, fratenati ya wanaume wapenzi wa jinsia moja na wowote wanaokubali kukaa nao. Mwaka 1988, kwenye chuo kikuu cha UCLA, Los Angeles, ikaja sororiti ya Lambda Delta Lambda. Mwaka 2003 Gamma Rho Lambda ikazaliwa Arizona. Zina viapo, herufi, rangi, nyimbo, kila kitu cha hizo nyingine. Kuna watu waliwauliza, kama wamewakataa kwa nini mnawaiga? Mimi swali hilo naliona la mtu aliyeshiba. Mwenye njaa haachi ugali kwa sababu jirani aliyemnyima naye anakula ugali.

Lakini nyumba mpya haikumsaidia yule ambaye tayari yuko ndani ya nyumba ya zamani, amekula kiapo, anawapenda wenzake, na anajificha. Huyo ndiye aliyeshughulikiwa na Shane Windmeyer. Alikuwa mwanachama wa Phi Delta Theta kwenye Chuo Kikuu cha Emporia State, Kansas, na akiwa bado mwanafunzi aliwaambia wenzake ukweli wake. Mwaka 1995, akiwa Indiana, alianzisha mradi wa Lambda 10 wa kukusanya habari za watu kama yeye. Mwaka 1998 yeye na Pamela Freeman wakatoa kitabu cha masimulizi ya wanaume wa fratenati, na mwaka 2001 kingine cha wanawake wa sororiti.

Jambo linalorudi kwenye habari za namna hii ni wakati wa kusema. Watu wengi hawasemi msimu wa kutafuta wanachama. Wanaingia kwanza. Wanafua vyombo pamoja, wanauguzana, wanafeli mitihani pamoja, na ndipo, baada ya miezi au miaka, usiku mmoja wanamwambia mtu mmoja. Wengine walikumbatiwa. Wengine walikuta mizigo yao nje. Lakini aliyekumbatiwa, mara nyingi ni kwa sababu alikuwa ameshajulikana kama mtu, jina lake halikuwa tena jina kwenye orodha. Msimu wa kuchagua unafanya kinyume chake kabisa: dakika chache, nguo, tabasamu, sauti, na fununu. Kwenye dakika hizo fununu ina nguvu kuliko mtu.

Miaka ya karibuni mashirika makuu mengi yameandika kwenye sera zao kwamba mwelekeo wa mapenzi si sababu ya kumkataa mtu. Mwaka 2013 vijana wa Phi Alpha Tau, chuo cha Emerson, Boston, walifanya mchango mtandaoni kumsaidia mwenzao mgeni, aliyezaliwa akihesabiwa msichana, kulipia upasuaji ambao bima iliukataa. Mwaka 2014 Sigma Phi Epsilon, moja ya fratenati kubwa kabisa, ilifungua mlango kwa yeyote anayejitambulisha kama mwanamume. Hilo ni jambo la jinsia ya mtu mwenyewe, si la nani anampenda, na watu wanayachanganya, lakini mlango ni uleule na kura ni ileile.

Na bado kuna ugomvi. Mwaka 2022 tawi la Kappa Kappa Gamma la Chuo Kikuu cha Wyoming lilimpokea mwanafunzi aliyezaliwa akihesabiwa mvulana. Baadhi ya wanachama wakashtaki shirika lao wenyewe, wakisema nyumba yao ni ya wanawake tu na wao hawako salama faragha yao. Agosti 2023 jaji akaitupa kesi: shirika binafsi lina haki ya kuamua lenyewe nani ni mwanachama wake. Hapo nilisoma mara mbili. Kisu ni kilekile! Uhuru wa kuchagua ndugu, ambao wakubwa wa 1948 waliutumia kumkataa kijana mweusi, mwaka 2023 umemlinda mgeni asifukuzwe. Sheria iliuacha mlango mikononi mwa wenyeji. Kinachobaki ni wenyeji wenyewe, wale waliokaa kwenye kikao jioni ile, pamoja na mtoto wa mama mdogo.

Nilimpigia nikamsimulia habari za Amherst. Akasema, "Kaka, hao walikuwa watoto wa matajiri wa kizungu. Wakisimamishwa wana kwao. Mimi nyumba ile ndiyo chakula changu." Sikuweza kumbishia. Ni kweli, ujasiri una bei tofauti kwa watu tofauti, na mimi niliyekaa Kiziba siwezi kumtumia ujasiri kwa simu.

Nikamuuliza kitu kingine. Siku walipopigia kura jina lako, ilikuwaje? Akakaa kimya kidogo. Kumbe aliwahi kusimuliwa. Mmoja alisema huyu haeleweki anapoongea, sijui ataendana na sisi. Na kijana mmoja wa kutoka mashamba ya mahindi, ambaye alikuwa amesoma naye hesabu wiki mbili tu, akasema, "Mimi namwelewa." Maneno hayo tu. Kura ikapita.

Nimeiandika hii pia kwa sababu ya kwetu. Hapa Rwanda hakuna sheria inayomfunga mtu kwa kumpenda wa jinsia yake, lakini nani kati yetu amewahi kuliona hilo likimsaidia mtu kwenye foleni ya maji? Mwaka jana kuna kijana aliacha kuja kwenye mazoezi yetu ya ngoma. Hakuna aliyemfukuza. Kundi letu halina katiba wala gololi. Tulikuwa tunaigiza tu mwendo wake akigeuka, na mimi nilikuwa mmoja wa walioigiza vizuri. Wafanyakazi wa mashirika walituuliza kwa nini idadi imepungua, tukasema labda ana kazi za nyumbani.

Jumapili ndugu yangu amenitumia ujumbe. Alimkuta yule kijana kwenye foleni ya chakula chuoni, wakakaa meza moja. Hakumwambia habari za kura. Waliongea mpira. Nyumba yao ina nafasi mbili zimebaki, na kikao kingine cha kura ni Januari.

Mimi nimeenda mara mbili kwa yule mwenzetu wa ngoma. Mara ya kwanza hakutoka. Mara ya pili alitoka, akasimama mlangoni, tukasalimiana.